Jaketi la mvua la baiskeli: anza na jasho, mvua ifuate

Watu wengi wakitafuta jaketi la mvua la kuendeshea baiskeli wanaangalia kitu kimoja tu, linazuia maji kiasi gani, wanaona namba kubwa kwenye lebo wanalipa wanaondoka, afu wakishapanda mlima mmoja wa nguvu wanavua wanakuta fulana ya ndani imelowa chapachapa, wanaanza kulalamika kwamba jaketi linavuja. Mara nyingi halivuji kabisa. Yale maji ni jasho lao wenyewe limekosa pa kutokea. Mimi nashauri ugeuze utaratibu: kabla hujauliza mvua itazuiwaje, uliza jasho litatokaje, ukishapata jibu la hilo ndo uje kwenye maji ya nje.

Na hii ni hesabu ya mwili, sio maoni. Ukikanyaga pedali, katika nguvu yote mwili unayotumia ni kama robo tu inayofika kwenye pedali, robo tatu zinageuka joto. Mtu anayesukuma wati 150, ambao ni mwendo wa kawaida tu kwa mtu mwenye mazoezi, anazalisha joto la wati kama 450 ndani ya mwili wake na hilo joto lazima litoke. Kila gramu ya jasho inayokauka kwenye ngozi inaondoka na joto la kama jouli 2,400. Sasa piga hesabu, kama joto lote hilo lingeondoka kwa jasho peke yake ni karibu gramu 675 kwa saa, yaani zaidi ya nusu lita ya maji kila saa inatafuta njia ya kutoka ndani ya jaketi lako. Upepo unasaidia kupoza na jasho lote halitoki kifuani, sawa, lakini mlimani upepo nao unapungua maana spidi imeshuka, na hapo ndo unapotoa jasho jingi zaidi.

Halafu kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana. Mvuke unatoka kwenye kitambaa kwa sababu ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje, ule utofauti ndo unaousukuma. Mvua ikinyesha, hewa ya nje nayo imeshajaa unyevu, utofauti unapungua, na kama ni mvua ya joto unakaribia kuisha kabisa. Kwa hiyo jaketi lilelile unalolisifia siku ya baridi linaweza kukushinda siku ya mvua ya vuguvugu, na hakuna kilichoharibika.

Ndo maana nasema wazi kwamba hakuna jaketi litakalokuacha mkavu ukipanda mlima kwa nguvu kwenye mvua. Halipo, hata uongeze hela kiasi gani. Unachonunua ni jaketi la kukufanya usipoe, ulowe kidogo, ukauke haraka, na ukianza kushuka mteremko upepo wa baridi usikukute na fulana iliyolowa umefungua kifua. Ukilielewa hilo kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Jiangalie unaendeshaje

Kama safari zako ni fupi, nusu saa kwenda kazini kwa mwendo wa taratibu, jasho ni kidogo na ukifika kuna pa kukaukia, jaketi la kawaida tu linakutosha. Hata poncho ya baiskeli inafanya kazi nzuri mno kwa sababu chini iko wazi na hewa inaingia inavyotaka, mradi baiskeli yako ina madigadi, maana maji ya tairi yanarushwa kutoka chini na poncho haiyazuii. Shida yake ni upepo, inavimba kama tanga, kwa hiyo barabara ya wazi yenye upepo wa ubavuni usiende nayo.

Kama unaendesha kwa kasi, mazoezi ya saa mbili tatu na unarudi nyumbani, chukua jaketi jepesi linalobana mwili, la gramu 100 mpaka 200 hivi, linalokunjika likaingia mfuko wa nyuma wa jezi. Hili linakaa mfukoni muda mwingi kuliko mwilini, kwa hiyo wepesi wake ni muhimu kuliko ugumu.

Safari ya siku kadhaa na mizigo imefungwa kwenye fremu, hii wanayoita baikipakingi, ni habari nyingine kabisa. Hapo jaketi utalivaa asubuhi hadi jioni, utalivaa ukipika, utalivaa ukitengeneza pancha umepiga magoti kwenye changarawe, litasuguliwa na matawi kwenye njia nyembamba, na usiku halitakauka vizuri ila kesho yake utalivaa hivyohivyo. Hapa ongeza uzito kidogo, gramu 250 mpaka 400 sio mbaya, upate kitambaa kigumu, kofia, na mifuko. Watu wanaohesabu kila gramu ya mzigo wataniambia ni nzito mno. Nawaelewa, ila jaketi likichanika siku ya pili porini ule wepesi haukusaidii chochote.

Kitambaa kikoje

Jaketi linalopumua lina ngozi nyembamba sana, membreni, iliyogandishwa kwenye kitambaa cha nje. Ile maarufu kuliko zote ilianza mwaka 1969, Bob Gore wa Marekani alivuta kwa ghafla kipande cha PTFE kilichopashwa moto, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika, kikatanuka na kujaa vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Bidhaa za Gore-Tex zikaanza kuuzwa 1976. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji kupita ila mvuke unapita. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na shida moja, mafuta ya mwili na uchafu vikiingia kwenye vitundu maji nayo yanaanza kupenya, ndo wakaongeza kitabaka chembamba cha PU (poliyurethani, aina ya plastiki) kwa ndani kuilinda membreni.

Hicho kitabaka cha PU kina tabia ya kuijua. Hakina vitundu, kinanyonya unyevu upande wa ndani na kuuachia upande wa nje, kwa hiyo lazima ndani paanze kuwa na unyevu ndo kifanye kazi. Majaketi mengi ya bei ya chini na ya kati ni PU tupu bila kitu kingine. Yanazuia mvua vizuri tu lakini yanachelewa kutoa mvuke, na mtu anayeendesha kwa nguvu anayazidi ndani ya dakika chache. Kundi lingine ni la membreni zinazoruhusu na hewa yenyewe ipite kidogo, mfano eVent, NeoShell ya Polartec na Futurelight ya The North Face. Hizi zinaanza kutoa mvuke mapema kwa sababu hazisubiri ndani palowe kwanza. Ukiwa mtu wa kutoa jasho jingi, na wapo watu wanalowa hata kwa mwendo mdogo, mimi ningekupeleka kwenye kundi hili kabla ya mengine yote, hata kama namba yake ya kuzuia maji ni ndogo kidogo.

Baada ya membreni angalia tabaka. Jaketi la tabaka mbili lina kitambaa cha nje na membreni, na bitana linaning'inia ndani, ni zito na linachelewa kukauka, sio la baiskeli. La tabaka mbili na nusu halina bitana, ndani pamepakwa tu kinga nyembamba au michoro ya kuilinda membreni, ni jepesi na linakunjika vizuri sana ila likigusa ngozi tupu linaganda, utalisikia kwenye mikono, hasa ukivaa jezi ya mikono mifupi. La tabaka tatu ndani lina kitambaa chembamba kilichogandishwa na vyote vinakuwa kitu kimoja, hiki kinasambaza unyevu na hakigandi sana mwilini. Kwa safari ndefu mimi sina mjadala, tabaka tatu. Kwa jaketi la dharura la kukaa mfukoni, mbili na nusu inatosha.

Kuna na denia, yaani unene wa uzi. Majaketi mepesi sana yako denia 7 mpaka 15, ukipita kwenye miiba unalia. Kuanzia 30 au 40 unaanza kupata kitu cha kuvumilia safari na mkanda wa begi mgongoni.

Namba za kwenye lebo

Namba ya milimita ni ya kuzuia maji. Wanabana kitambaa, wanakipandishia shinikizo la maji kutoka upande mmoja mpaka matone yaanze kutokea upande wa pili, urefu wa mnara wa maji kilioweza kuhimili ndo namba yenyewe. 10,000 maana yake ni mnara wa maji wa mita 10. Mvua yenyewe haisukumi hivyo hata siku moja. Shinikizo linatoka pale kitambaa kinapobanwa: mkanda wa begi begani, viwiko ukiviegemeza kwenye usukani. Kwa hiyo kwa mtu asiyebeba begi mgongoni, na baikipakingi mizigo iko kwenye fremu, 10,000 inatosha, 20,000 ni nzuri zaidi kwa mvua ya kutwa nzima, zaidi ya hapo unalipia namba.

Namba ya kupumua ndo yenye utata. Utaona gramu kwa mita ya mraba kwa saa 24, labda 10,000 au 20,000 au 30,000. Gawanya 20,000 kwa 24 unapata gramu 833 kwa kila mita ya mraba kwa saa, ukilinganisha na ile 675 yetu ya juu unaweza kusema basi tatizo limekwisha. Halijaisha. Vipimo viko vya aina nyingi na kila kiwanda kinachagua kile kinachompendeza. Kuna kimoja cha Japani, JIS L 1099 B1, ambacho kitambaa kinagusa maji upande mmoja na upande wa pili kuna chumvi maalumu inayonyonya unyevu kwa nguvu, sasa niambie ni wapi barabarani utakuta hewa inayonyonya hivyo wakati mvua inanyesha. Kipimo hicho kinatoa namba kubwa, na kinaibeba hasa PU kwa sababu PU inafanya kazi vizuri ikiwa imelowa. Usilinganishe 20,000 ya kampuni hii na 15,000 ya ile kama hujui zote zimepimwa kwa njia gani.

Ukiikuta namba ya RET iamini zaidi. Hii inapimwa kwenye sahani ya moto inayotoa unyevu kama ngozi ya mtu, kwa utaratibu wa ISO 11092, na inapima ukinzani wa kitambaa kwa mvuke, kwa hiyo hapa ndogo ndo nzuri. Chini ya 6 ni ya kupumua sana, 6 mpaka 13 ni nzuri, ikizidi 20 achana nayo kwa baiskeli. Sio kampuni zote wanaiandika, ila ukiwaandikia wengine wanakujibu.

Ile dawa ya juu

Sehemu hii naomba uisome taratibu maana ndo inayofanya jaketi la hela nyingi lionekane bovu. Kitambaa cha nje kimepakwa dawa ya kufukuza maji, DWR. Jaketi likiwa jipya mwagia maji, utaona yanajikusanya vidonge vya mviringo vinabingirika na kudondoka, kitambaa chini kimebaki na rangi yake. Dawa ikichoka vile vidonge vinalala, vinasambaa, na kitambaa kinaanza kuweka mabaka meusi, kwanza mabegani, afu juu ya mikono ambako mvua inapiga moja kwa moja, afu mgongoni panaposugua begi. Membreni bado nzima, maji hayapiti, lakini kitambaa cha juu yake kimenyonya maji na kuziba mlango wa mvuke. Pale penye baka utasikia baridi kwenye ngozi na unyevu unaanza kwa ndani. Mtu anasema linavuja anakwenda kununua lingine, kumbe lilihitaji kufuliwa.

Gore waliwahi kulitatua hilo kwa kutoa jaketi lisilo na kitambaa cha nje kabisa, membreni yenyewe ndo iko juu, Shakedry, lenye weusi wa kung'aa, unalikung'uta na maji yote yanaondoka. Waendesha baiskeli wa kasi walilipenda mno, na kwa haki kabisa. Lakini halivumilii kusuguliwa na mkanda wa begi wala miiba, na kiwanda kimeshaacha kulitengeneza, kwa hiyo yaliyobaki ni ya akiba na mitumba. Ukilipata kwa safari za barabarani ni zuri, kwa baikipakingi hapana.

Kilicholiondoa ni suala la kemikali za PFAS, kundi ambalo PTFE na dawa za DWR za zamani zimo, ambazo zinakaa kwenye mazingira muda mrefu sana bila kuoza. Jimbo la California lilianza kuzuia nguo mpya zenye PFAS Januari 2025, nguo za mvua kali zikapewa muda hadi 2028 lakini ziandikwe kwamba zinazo, na Ufaransa nao wameingiza katazo lao kuanzia 2026. Viwanda vimehamia dawa zisizo na PFAS na Gore wana membreni mpya ya polyethylene, ePE. Mimi naona ni hatua nzuri na ningenunua hizo mpya bila wasiwasi, ila ujue tofauti moja kwenye matumizi: dawa mpya zinafukuza maji lakini mafuta haziyafukuzi, kwa hiyo jasho, mafuta ya kujikinga na jua na grisi ya cheni vinazichosha haraka zaidi. Zinataka kufuliwa mara nyingi kuliko zile za zamani.

Mkato na matundu, hapa ndo penyewe

Ukilijaribu jaketi usisimame wima mbele ya kioo. Jaketi la kutembelea linapendeza ukisimama, la baiskeli linakaa vibaya ukisimama na linakaa vizuri ukiinama. Inama, nyoosha mikono mbele utadhani umeshika usukani, kaa hivyo dakika moja nzima, na kama wanaruhusu panda kwenye baiskeli kabisa. Nyuma liwe refu lifunike kiuno mpaka kwenye matako bila kupanda juu, na pindo liwe na lastiki au mpira wa kushika. Mbele liwe fupi. Kama mbele linajikunja na kuvimba tumboni hilo limeshonwa kwa ajili ya kutembea kwa miguu, litashika upepo na kupigapiga njia nzima, na mtu unachoka kulisikiliza.

Mikono ya jaketi ifike kwenye kifundo hata ukinyoosha mkono wote. Angalia pia kinachotokea pale jaketi linapokutana na glavu. Maji yanatiririka juu ya mkono yakifuata kitambaa mpaka mwisho, glavu ikiwa juu ya jaketi yanamwagika yote ndani ya glavu, jaketi likiwa juu ya glavu yanadondokea nje. Ni jambo la sentimita chache tu, lakini vidole vikilowa kwenye mteremko wa baridi vinakufa ganzi na breki unashindwa kuivuta vizuri. Kwa hiyo nenda dukani na glavu zako, funga velkro ya mkono wa jaketi juu yake, uone kama inafika na inabana. Mikono yenye lastiki tupu ni myepesi lakini haitanuki kupita glavu nene.

Sasa matundu. Nikiambiwa nichague kati ya membreni ya hali ya juu isiyo na tundu hata moja na membreni ya kati yenye zipu nzuri za kupitishia hewa, nachukua ya pili, kwa sababu tundu la wazi linatoa joto na mvuke kwa wingi ambao hakuna kitambaa kinaukaribia. Zipu za kwapani ni nzuri mno kwenye baiskeli maana mikono ikiwa mbele yale matundu yanatazama upepo. Ila hewa ikiingia iwe na pa kutokea, la sivyo jaketi linavimba tu, kwa hiyo tafuta na tundu mgongoni lililofunikwa na kitambaa juu yake. Jaketi jepesi la mfukoni kwa kawaida halina haya yote, basi zipu ya mbele ndo tundu lako, na hapo hakikisha inafunguka juu na chini. Ukiifungua kutoka chini unapata hewa tumboni na mfuko wa jezi unaufikia, huku kifua kimebaki kimefungwa.

Jaribu zipu kwa mkono mmoja ukiwa na glavu, tena glavu iliyolowa. Kama huwezi kuifungua na kuifunga bila kusimama hutaifungua kabisa barabarani, utavumilia joto mpaka ulowe. Kipande cha kamba kwenye kishikio kinamaliza tatizo kama hakipo. Zipu zilizopakwa mpira kwa nje nyingi zinapunguza maji tu, hazizuii kabisa, kwa hiyo nyuma yake pawe na ulimi wa kitambaa, na pale juu kidevuni zipu ijifiche ndani ya kitambaa isikukwaruze.

Kofia inaleta ubishi mwingi. Kwa spidi ya barabarani mimi sipendi kofia, inashika upepo na inakuziba masikio. Kwa baikipakingi naitaka, kwa sababu jioni ukishasimama na helmeti umevua ndo unapoihitaji. Iwe ya kubana inayoingia chini ya helmeti, au kubwa ya kupita juu yake, vyovyote, lakini vaa helmeti, vaa kofia, geuka uangalie nyuma ya bega. Kama unaona kitambaa badala ya barabara liache hapohapo hata liwe zuri vipi, gari linalotoka nyuma hutaliona.

Rangi: chukua inayoonekana. Mvua inafanya kila kitu kiwe kijivu na madereva vioo vyao vimejaa maji. Vipande vya kurudisha mwanga viwe mikononi na mgongoni chini, na hakikisha ule mkia mrefu wa nyuma haufuniki taa uliyofunga chini ya kiti.

Mishono igeuze kwa ndani uione. Yote iwe na tepu, sio ya mabegani tu, na kagua hasa kwapani panapokutana mishono mitatu minne, tepu ikianza kubanduka inaanzia hapo. Kwa mtumba hapo ndo pa kwanza kutazama, afu tazama ndani ya kola na mabegani kama kuna unga mweupe au ngozi inayobanduka, au vipovu kati ya kitambaa na membreni. Ukiona hivyo jaketi limekwisha, hakuna dawa wala fundi wa kulirudisha. Dawa ya juu ikiwa imechoka tu lakini ndani ni zima, hiyo ni nafuu ya kweli, chukua.

Utalivaa juu ya nini, na utalitunzaje

Ndani usivae pamba. Pamba inalowa na haikauki, jaketi litapumua bure. Vaa poliesta nyembamba au sufu ya merino, ya mikono mirefu kama jaketi lako ni tabaka mbili na nusu. Na saizi ipime ukiwa umevaa hiyo nguo ya ndani, pabaki nafasi ya kuongeza sweta jepesi moja kwa safari ya baridi, basi.

Barabarani jenga tabia ya kufungua mapema. Mlima ukianza fungua zipu kabla hujaanza kutoa jasho, au kama mvua ni manyunyu na hakuna baridi vua kabisa upande ukiwa na fulana tu. Kileleni simama, vaa, funga, ndo ushuke. Jasho ambalo hukulitoa, jaketi halihitaji kulitoa.

Kulifua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na wanaoogopa kulifua ndo wanaoliua. Funga zipu na velkro zote, tumia sabuni ya maji isiyo na softena, au zile za nguo za mvua kama za Nikwax na Grangers, suuza mara mbili sabuni iishe kabisa maana mabaki ya sabuni yanavuta maji. Softena na dawa za kung'arisha nguo hapana. Afu soma lebo, kama inaruhusu likaushe kwenye mashine kwa moto mdogo, au lipige pasi ya vuguvugu ukiweka kitambaa katikati, ule moto unaiamsha ile DWR na vidonge vya maji vinarudi. Visiporudi ndo unapaka dawa mpya. Kwa jaketi lenye kitambaa ndani chukua ya kupuliza, upulizie nje tu, kwa sababu ile ya kuchanganya kwenye maji ya kufulia inapaka na ndani, na ndani tunataka panyonye jasho.

Kwenye safari beba kipande cha tepu ya kuziba nguo, ile ya kubandika, kata pembe zake ziwe mviringo ili zisinyanyuke, safisha na kausha kabla ya kubandika. Jaketi lenyewe liweke juu kabisa kwenye begi la usukani au kwenye kamba za nje ya begi la kiti, mahali unapolifikia bila kufungua mzigo mwingine, na usilikunje likiwa limelowa ukalisahau humo. Ukifika unapolala litundike wazi, zipu zote zimefunguliwa.